Hamsta Mpya Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Siku 14 za Kujua Kama ni Mzima au Anaumwa

Swali huniijia kwa sura ileile kila mara: "Nimemnunua juzi, kutwa analala, hataki kula, nahisi anakufa." Nikiuliza ameshikwa mara ngapi leo, najibiwa mara sita, saba, pengine kumi. Mama anamtoa kuangalia kama anapumua. Mtoto anamtoa kumwonyesha rafiki yake. Baba akirudi kazini naye anataka kumwona. Mnyama mdogo wa jamii ya panya, wa gramu 70, ambaye mchana ndio usiku wake, anaamshwa kutwa nzima, na ifikapo siku ya tano anaumwa kweli.

Lengo la mwongozo huu ni kukuwezesha kumchunguza bila kumsumbua. Utapima uzito, utasoma alama kwenye chupa ya maji, na utaangalia mkia. Macho ya mwenye wasiwasi huona ugonjwa kila mahali, lakini mizani haina wasiwasi.

Nimewafikiria zaidi ndugu walioko Uingereza, Ujerumani, Kanada na Ghuba, ambako hamsta anauzwa duka la mtaani na mtoto akishamwona basi, kesi imekwisha. Ukimtumia shangazi picha, ujiandae kuulizwa kwa nini unalisha panya wakati watu wanafuga paka ili awamalize. Mjibu kwamba panya buku wa Morogoro, ambao nao wana mifuko ya mashavuni kama huyu, wamefunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Viwe tayari kabla ya kuanza. Ukianza kuvitafuta saa sita usiku mnyama akiwa hoi, umechelewa.

- Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Kama hamsta wako ni wa aina ndogo, tafuta inayosoma hata nusu gramu, maana kwake gramu 3 ni nyingi.
- Kikombe kirefu cha plastiki angavu, kile unachoweza kuona ndani ukikitazama kwa chini. Kitafanya kazi mbili, utaona mbele.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari linakaa kando ya kizimba na kila mtu wa nyumbani analiona.
- Kipimajoto cha chumba.
- Maka peni ya kuchora mstari kwenye chupa ya maji.
- Tochi yenye mwanga hafifu.
- Matandiko ya karatasi yasiyo na manukato. Usinunue pamba wala yale manyoya laini yanayouzwa kama kitanda cha hamsta. Nyuzi zake hujisokota mguuni, na akizimeza huziba utumbo. Maranda ya msonobari na ya mwerezi nayo achana nayo, harufu yake huumiza njia ya hewa.
- Chakula kilekile alichokuwa akilishwa dukani, hata kama umesoma kwamba kingine ni bora.
- Boksi la plastiki la kusafiria lenye matundu ya hewa. Lile la kadibodi ulilopewa dukani analitafuna njia nzima.
- Sirinji ya mililita 1, bila sindano.
- Namba mbili za simu: ya daktari wa wanyama anayetibu hamsta, na ya zamu ya usiku. Daktari wa mbwa na paka si lazima amjue hamsta, kwa hiyo uliza mapema. Walioko Uingereza wanaweza kutafuta kwenye orodha ya RCVS, chombo kinachosajili madaktari wa wanyama, na wenye kipato kidogo wanaopata misaada fulani ya serikali waulize PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama, kama wanastahili kusaidiwa gharama.

Kuhusu kizimba nitasema machache tu. Chama cha madaktari wa wanyama cha Ujerumani kinachoshughulikia ustawi wao, TVT, kinataka kisipungue sentimita 100 kwa 50 kwa 50. Vile vya rangirangi vyenye mabomba vinavyopangwa karibu na mlango wa duka havifiki hata nusu ya hapo. Matandiko yawe na kina cha sentimita 20 au zaidi ili achimbe. Hamsta wa Syria, yaani ile aina kubwa, anahitaji gurudumu la kukimbilia lenye kipenyo cha sentimita 28 hivi, lisilo na vijiti vya kunasa mguu.

## Hatua ya 1: Piga simu dukani siku hiyohiyo

Uliza mambo manne: ana umri gani, alikuwa akila nini, ni dume au jike, na kama kuna mwenzake wa kizimba kile aliyeharisha au kufa wiki hiyo.

Umri una maana kubwa. Hamsta wa wiki 3 hadi 10 ndio hushambuliwa zaidi na ugonjwa wa mkia kulowa, unaosababishwa na bakteria aitwaye Lawsonia intracellularis. Hao ndio wanaouzwa madukani. Ametoka kuachishwa ziwa, amesafirishwa, amechanganywa na wengine, halafu ameletwa kwako. Kila badiliko limempunguzia kinga, na ugonjwa hujitokeza akiwa tayari sebuleni kwako.

Ukiambiwa mwenzake aliharisha, usimrudishe kwa hasira. Anza kumpima leo badala ya kusubiri siku ya nne, na mwarifu daktari mapema.

Onyo: Kama mmewanunulia watoto hamsta wawili wa Syria "ili wasiwe wapweke", watenganishe leo. Hamsta wa Syria aliyekomaa huishi peke yake, na wawili watapigana mpaka mmoja afe, mara nyingi usiku mkiwa mmelala.

Jike aliyetoka kizimba chenye madume anaweza kuwa na mimba. Ya hamsta wa Syria huchukua siku 16 hivi, kwa hiyo tumbo likivimba pande zote mbili wiki ya pili, fikiria mimba kabla ya uvimbe. Akizaa, usiguse kiota, maana mama akihisi hatari hula watoto wake.

Umefanikiwa ukiwa na majibu hayo manne kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na tarehe ya kununua. Risiti ibandike hapohapo.

## Hatua ya 2: Siku tatu za kwanza, mikono mbali

Kiweke kizimba sehemu tulivu yenye nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi. Kisikae dirishani, wala kando ya radieta, wala chini ya kiyoyozi, wala karibu na televisheni. Hamsta husikia sauti nyembamba ambazo sikio la mtu halizipati, na vifaa vya umeme hutoa sauti hizo. Wewe unaona chumba kimya, yeye anasikia kelele.

Mwingize pamoja na kiganja kimoja cha matandiko ya zamani kutoka dukani. Harufu anayoijua humtuliza.

Baada ya hapo, siku tatu, usimshike. Badilisha maji, weka chakula, ondoka. Ongea kwa sauti ya kawaida ukipita ili aizoee.

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nitataja mambo yatakayokutisha ilhali ni ya kawaida kabisa siku hizo:

Atalala mchana kutwa. Anaweza asionekane kabisa masaa 24. Usiku wa kwanza chakula kinaweza kubaki kwenye bakuli kama kilivyo, au kitatoweka chote mara moja kwa kuwa amekihamishia kwenye ghala lake chini ya matandiko. Ukimwona akila kinyesi chake mwenyewe usishangae, anarudisha virutubishi ambavyo tumbo halikuvimaliza. Akiamka, jicho moja linaweza kuwa limegandana kwa tongo kidogo, na likafunguka lenyewe akijisafisha.

Onyo: Usimfukue kuangalia kama yuko hai. Hamsta anayefukuliwa huhisi kwamba shimo lake limevamiwa na mnyama mla nyama. Unataka kumwona? Zima taa kubwa saa nne usiku, kaa mbali kidogo na tochi hafifu, subiri.

Umefanikiwa ukiona kiota kimejengwa upya mahali alipopachagua yeye. Hamsta mgonjwa hana nguvu za kujenga.

## Hatua ya 3: Soma nyayo za usiku

Hata bila kumwona unaweza kujua amefanya nini usiku.

Maji. Kwanza igonge ncha ya chupa kwa kidole uone kama kitufe kinatoa tone. Chupa nyingi mpya hushika hewa na hazitoi kitu, na mnyama hufa kwa kiu chupa ikiwa imejaa. Kisha chora mstari usawa wa maji kila jioni. Hamsta hunywa takriban mililita 10 kwa siku kwa kila gramu 100 za mwili wake, kwa hiyo mdogo wa gramu 40 atapunguza mililita 4 tu, na hiyo ni kawaida. Akila mboga hunywa pungufu. Mstari usiposhuka kabisa siku mbili, mwekee pia kibakuli kidogo cha maji kisichopinduka.

Akinywa maradufu, andika. Hamsta wa aina ndogo wana tabia ya kupata kisukari, na kiu ni dalili ya mapema.

Gurudumu. Egemeza unyasi mmoja mkavu ndani yake kabla ya kulala. Asubuhi ukiukuta chini, amekimbia.

Kinyesi. Kiwe cha kahawia iliyoiva, kikavu, kigumu, ukubwa wa punje ya mchele. Ukikibonyeza kwa karatasi hakipondeki. Kinyesi laini kidogo bila mkia kulowa mara nyingi ni mboga nyingi; ziondoe zote kwa siku mbili, abaki na chakula kikavu. Mkojo wake mzito wenye weupe kama maziwa usikupe taabu, ndivyo ulivyo kwa hamsta.

Chakula. Hamsta wa Syria hula gramu 10 hivi kwa siku. Mpe kiasi hicho, usijaze bakuli. Mboga subiri wiki ipite, halafu anza na kipande cha tango kinacholingana na ukucha wako. Machungwa, vitunguu, parachichi, chokoleti na maharage mabichi asipewe kamwe.

Na ugali? Najua utaulizwa na watoto. Hapana. Chochote kinachonata, uwe ugali, wali wa jana au kipande cha chapati, hugandamana kwenye mifuko ya mashavuni na kuoza humo.

## Hatua ya 4: Mpime kila jioni kuanzia siku ya 4

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Hamsta porini ni kitoweo cha kila mtu, na anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza, kwa hiyo huficha ugonjwa mpaka mwisho. Kitu kimoja tu hawezi kukificha, nacho ni gramu.

1. Subiri aamke mwenyewe, kati ya saa mbili na saa nne usiku.
2. Weka kikombe juu ya mizani, isome sifuri.
3. Kilaze kikombe ndani ya kizimba, mbegu moja ya alizeti ikiwa ndani. Ataingia. Asipoingia leo, acha, utajaribu kesho. Hakuna kumkimbiza.
4. Kiinue taratibu, mkono wa pili ukiziba mdomo wake, uweke kwenye mizani. Ukae kitako chini, si kwenye kiti wala meza ndefu. Hamsta haoni mbali na hajui kimo, ataruka hewani kama anashuka ngazi.
5. Soma namba, andika, mrudishe. Isizidi nusu dakika.

Angalia mashavu kabla ya kuandika. Aliyejaza mifuko anaweza kukudanganya kwa gramu kadhaa. Mashavu yakiwa yamevimba, andika alama ya nyota pembeni ya namba, au mpime kesho kabla hujaweka chakula.

Uzito wenyewe unategemea aina. Hamsta wa Syria aliyekomaa huwa gramu 100 hadi 150, wengine huzidi. Kwa aina ndogo, Roborovski ni gramu 20 hadi 25 tu. Campbell na wale weupe wa baridi huwa kati ya 30 na 50. Usimlinganishe wako na wa jirani, mlinganishe na namba yake ya jana.

Hamsta mchanga anapaswa kupanda kidogo kidogo. Mkomavu anapaswa kukaa palepale, juu gramu moja, chini gramu moja. Mpaka wa hatari ni sehemu moja ya kumi ya uzito. Aliyeanza na gramu 80 akifika 72, mpigie daktari. Wa 120 mpaka wake ni 108, wa 40 mpaka wake ni 36. Andika namba hiyo kwa wino mwekundu juu ya ukurasa ili hata mtoto wa darasa la tatu akupigie kelele ikifikiwa.

Umefanikiwa ukiwa na namba nne mfululizo ambazo hazishuki. Wasiwasi mwingi huisha hapa. Nimeona watu wakiacha kunipigia simu kuanzia siku ya nane.

## Hatua ya 5: Mkague kuanzia puani hadi mkiani

Akiwa ndani ya kikombe siku ya 5 au ya 6, mwinue juu ya usawa wa macho na umtazame kwa chini kupitia plastiki. Sasa unaona kazi ya pili ya kikombe angavu. Tumbo na mkia vyote viko wazi na hujamgeuza wala kumbana.

Mkia na makalio ndio kwanza. Pawe pakavu, manyoya yametengana. Palipolowa, palipogandamana, au panaponuka vibaya, acha kusoma hapa nenda Hatua ya 7.

Pua iwe kavu. Chafya moja moja baada ya kuchimba ni vumbi. Chafya mfululizo, kamasi, au sauti ya mluzi akipumua si vumbi.

Macho yang'ae na kutokeza. Yakizama ndani, anapungukiwa maji.

Meno ya mbele ni ya njano, hata rangi ya machungwa. Kuna mzazi alitaka kuyapiga mswaki. Hiyo ndiyo rangi yake ya afya. Angalia tu kwamba hayajapinda wala hayajavuka midomo.

Manyoya yawe yamejaa. Mabaka ya upara yenye magamba yanaweza kuwa utitiri au fangasi, na fangasi hushika watu pia.

Yafuatayo watu huyapeleka hospitali bure, na malipo ya daktari huku hayarudishwi:

Madoa mawili meusi kiunoni, moja kila upande, kwa hamsta wa Syria. Ni tezi za harufu, si vidonda wala saratani. Kwa wale wadogo tezi iko moja katikati ya tumbo na huonekana kama kitovu cha njano.

Uvimbe mkubwa nyuma kwa pande mbili, unaotokea akinyooka chumba kikiwa na joto. Ni korodani za dume. Basi.

Ute mweupe mzito wenye harufu kali kwa jike, unaotokea kila baada ya siku nne halafu unakatika. Ni mzunguko wake. Lakini ukitoka kila siku, ukiwa na rangi ya usaha au damu, na tumbo likawa limejaa huku amezubaa, kizazi kinaweza kuwa na maambukizi. Hamsta hapati hedhi. Damu kwa jike ni dharura siku zote.

## Hatua ya 6: Ukimkuta baridi na hatikisiki

Usimzike.

Walioko Ulaya na Kanada huzima hita usiku kuokoa bili. Chumba kikipoa sana, hasa kikishuka chini ya nyuzi 10, hamsta anaweza kuingia usingizi wa baridi. Moyo, ambao kwa kawaida hupiga mara 250 hadi 500 kwa dakika, hushuka mno, na pumzi huja moja moja baada ya kimya kirefu. Jirani yangu mmoja alikwishamweka wa mwanawe kwenye boksi la viatu na kuchagua mahali pa kuchimba. Bahati nzuri udongo ulikuwa umeganda.

Fanya hivi. Mshike kiganjani utazame ubavu na sharubu kwa dakika tano kamili, ukitumia saa. Mguse mguu. Maiti hukakamaa baada ya masaa machache, ila aliye kwenye usingizi wa baridi hubaki mlegevu na sharubu hucheza.

Mpashe joto polepole. Pandisha joto la chumba lizidi nyuzi 20, mfunike kwa mikono yako, au mlaze kwenye kitambaa juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua masaa. Akianza kutetemeka, anaamka.

Onyo: Usimweke juu ya radieta, usimpulizie mashine ya kukaushia nywele, na usimtie maji mdomoni kabla hajainua kichwa. Joto la ghafla huua, na maji huingia mapafuni.

Akiamka mpe maji, halafu mbegu chache, kisha mpigie daktari hata kama anakimbia. Kulala hivyo humaliza nguvu za mwili, na anayelegea wakati chumba kilikuwa na joto la kutosha hakusinzia kwa baridi, anaumwa.

Kwa walioko Muscat au Dubai hadithi ni kinyume. Umeme ukikatika au kiyoyozi kikizimwa mkiwa kazini, chumba huvuka nyuzi 30, naye hulala ubapa, anahema haraka, kidevu kimelowa mate. Mpeleke mahali pa baridi ya kawaida, mlowanishe miguu na masikio kwa maji ya bomba, mpe maji. Barafu usimguse nayo. Daktari siku hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Lini uende kwa daktari, na jinsi ya kumfikisha hai

Sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku: mkia umelowa na anaharisha, damu popote, anapumua mdomo wazi, amepooza au anaanguka upande mmoja, ameanguka kutoka juu na hatembei, jicho limetokeza nje, ni baridi na haamki baada ya kupashwa joto. Mkia kulowa unaweza kumaliza hamsta mchanga ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo "tumwangalie mpaka Jumatatu" ni kumuaga.

Ndani ya siku moja: uzito umevuka wino mwekundu, hajala chochote masaa 24, chafya zenye kamasi, shavu limevimba siku mbili bila kupungua, jicho halifunguki jioni mpaka jioni.

Piga simu, panga miadi: upara unaoenea, kujikuna kusikoisha, kucha zilizopinda, kiu iliyoongezeka.

Safarini mpakie kwenye boksi la plastiki pamoja na matandiko ya kiota chake, kipande cha tango badala ya chupa (chupa humwagikia na kumlowesha), na koti lako juu ya boksi. Chukua daftari. Daktari anayeona uzito wa siku tisa mfululizo haanzi kubahatisha. Chukua na vinyesi viwili vitatu kwenye karatasi.

Ukiwa unasubiri na anaharisha, chovya ncha ya sirinji kwenye maji uguse midomo yake, tone moja, alambe, tone jingine. Kumshindilia hapana.

Sasa onyo ambalo ningeomba lisomwe mara mbili. Usimpe antibiotiki ya nyumbani. Wengi wetu tuna vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwenye kabati, na tumezoea kumpa mtoto robo, kuku robo. Kwa hamsta, amoksilini, ampisilini na penisilini huua bakteria wema wa tumboni, wabaya wakazaana na kutoa sumu inayomuua. Klindamisini, linkomisini na erithromisini ni hivyohivyo. Hamsta aliyekuwa na mafua madogo anakufa kwa kuharisha, na mwenyewe anaamini aliuawa na mafua. Dawa za kuzuia kuhara za watu wazima nazo ziache kabatini. Daktari ana antibiotiki ambazo hamsta huzistahimili.

## Hatua ya 8: Walinde watu wa nyumba pia

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa. Kabla, kwa sababu mkono unaonukia samaki au karanga utaumwa. Baada, kwa sababu hata hamsta anayeonekana mzima anaweza kubeba salmonela. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Mjamzito asimshike wala asisafishe kizimba. Panya, hamsta wakiwemo, wanaweza kuwa na virusi viitwavyo LCMV ambavyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Watoto walio chini ya miaka mitano wamtazame tu, hasa kwa kuwa hawawezi kujizuia kumbusu.

Na wewe pia unaweza kumwambukiza. Hamsta hupata mafua ya watu na UVIKO. Januari 2022, baada ya hamsta wa duka moja Hong Kong kukutwa na virusi vya UVIKO, serikali iliamuru wanyama wadogo wapatao 2,000 wauawe. Nyumba ikiwa na mafua, mmoja asiyeumwa ndiye amhudumie.

Jambo dogo la nyumbani kwetu: weka shati moja kuukuu la kumshikia. Anakojoa bila taarifa, na kubadilisha kanzu dakika tano kabla ya swala kunamfanya mtu amchukie mnyama bila sababu.

## Siku ya 14

Fungua daftari. Hamsta anayeendelea vizuri atakuwa na uzito uliopanda au uliotulia, mkia mkavu kila ukaguzi, mstari wa maji unaoshuka kwa kiasi kilekile, na unyasi wa gurudumu chini kila asubuhi. Atakuwa pia ameanza kuchukua mbegu mkononi mwako, labda kwa kuinyakua na kukimbia. Hiyo inatosha.

Kama bado anajificha ukikaribia lakini namba ni nzuri, ni mwoga tu. Mpe wiki nyingine mbili.

Kuanzia sasa mpime mara moja kwa wiki, jioni ileile. Kizimba kitakuwa kimeanza kunuka na utashawishika kukisafisha chote kwa dawa. Toa kona anayokojolea, na theluthi moja ya matandiko, basi. Kiota kiache, na ghala lake uondoe mboga zilizonyauka tu. Ukimwondolea harufu yake yote kwa siku moja, kwake hiyo ni kuhamishwa upya, na utalazimika kurudi Hatua ya 2.